Bita Gani? Koplo wa Garissa Anayewafundisha Askari Kusikia

Saa moja asubuhi. Lori la polisi linatambaa kuelekea lango la kituo, askari wamekaa juu yake wakitazama nje. Ghafla mwanamume aliyevaa kikoi, shuka begani, anachomoka nyuma ya tangi la maji na kulikimbilia. Anaipunga shuka hewani. Anapiga kelele, lakini upepo wa Garissa hauna adabu asubuhi. Unamnyang'anya maneno kabla hayajafika.

Juu ya lori bunduki zinanyanyuka. Kidole kimoja kinavuta. Tik.

"Haya, nimekufa," anasema mwanamume huyo, akisimama na kushika kiuno, pumzi zikimwenda mbio. "Lakini maiti anauliza. Nilikuwa nasema nini?"

Askari wanatazamana.

"Ulitwambia tusimame, Koplo."

"Sikusema hivyo."

"Ulituomba maji."

"Sikuomba."

"Koplo, leo wewe ni shifta gani?" anatania mmoja wa nyuma. "Wa jana alikuwa na mbio zaidi."

Lori zima linacheka. Yeye hacheki. Anaokota ndala yake ya ngozi iliyomtoka njiani, anaipiga kwenye goti kuitoa mchanga, kisha anamwashiria dereva kwa mkono. "Rudi nyuma. Tunaanza tena."

Bunduki zile hazina risasi. Amezikagua mwenyewe kabla ya jua kuchomoza, na kabla lori halijawashwa akazipitia upya.

Huyu ni Koplo Yarow Shurie, polisi wa kituo kimoja kidogo kwenye barabara ya kwenda Ijara, ambacho jina lake halitajwi hapa kwa ombi la wakubwa wake. Alizaliwa karibu na Takaba, akaletwa Garissa na mjomba wake aliyekuwa akinunua ngozi. Kazi aliianza enzi za Mwingereza, akiwa Dubas, wale askari wa kilemba chekundu waliokuwa wakizunguka nyikani na ngamia. Sasa anavaa kofia ya Jamhuri, na kofia hiyo imemtia katikati.

Sokoni watu wa kwao humwita "sikio la serikali". Kituoni, wenzake waliotoka bara humwangalia kwa pembeni kila shifta, wale wapiganaji wanaotaka jimbo hili lijiunge na Somalia, wanaposhambulia mahali. "Huku nikitoka napigwa jicho, huku nikiingia napigwa jicho," anasema. "Nimezoea kutembea nikiwa nimeinama kidogo."

Kukaa, hajui. Akipewa kiti hukishika mgongo na kuzungumza akiwa wima. Mkewe, Hinda, ana njia yake ya kumtafuta. "Nafuata vikombe," anasema, akikuna nazi mlangoni pa nyumba yao kwenye laini ya polisi bila kuinua macho. "Kimoja dirishani, kimoja kwenye ngazi ya ofisi, kimoja juu ya tairi. Vyote vimejaa chai, vyote vimepoa. Mwisho wa vikombe ndipo alipo."

Wiki hii vikombe vimezidi, kwa sababu Alhamisi doria inatoka kwenda Ijara kwa barabara ile ile.

*

Ni barabara ile ile ya mwaka jana.

Siku hiyo ilikuwa alasiri, na jua lilikuwa bado kali. Lori la doria lilikuwa likipita kati ya migunga, mwendo wa vumbi, pale mfugaji mmoja alipotokea porini akilikimbilia. Alikuwa akipunga shuka na kupiga kelele. Jina lake ni Adow, mtu wa ng'ombe, na ni kaka mkubwa wa Hinda.

Juu ya lori alikuwemo konstebo kijana kutoka Murang'a. Watoto wa mji wamempa jina la Dheere, yaani Mrefu, na jina hilo limemganda hata kwenye gwaride. Dheere alikuwa hajamaliza mwezi hapa. Katika kelele zile na mngurumo ule alidaka neno moja: bita. Bita, bita.

"Kwetu wazee wengi hawana ve," anaeleza Dheere, sauti yake ikishuka. "Vitu ni bitu. Vita ni bita. Nyanya yangu alinisimulia bita vya Mwingereza maisha yangu yote. Sasa mtu anakuja mbio, porini, anasema bita. Nikasema, huyu anatutangazia."

Alifyatua. Risasi ilimpata Adow kwenye mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Dereva akakanyaga mafuta ili atoke pale haraka. Hawakufika mbali. Mbele kidogo lori lilipanda juu ya baruti iliyozikwa barabarani, ikalipuka, na dereva hakuzungumza tena.

Adow alikuwa akisema, "Habana bita!" Ulimi wa Kisomali hauna pe, kwa hiyo hapana kwake ni habana, na pita ni bita. Alikuwa amewaona watu wakichimba barabara, akasubiri waende, kisha akakimbia kuwazuia polisi wasipite.

Aliokotwa akivuja damu, akawekwa kizuizini kwa sababu alijua baruti ilikuwa wapi. Alipoachiliwa, mkono ulikuwa umekauka kama ukuni. Tangu hapo hajakanyaga nyumba ya dada yake. Watu wa njia ile nao wakajifunza somo lao: ukisikia lori, ingia porini, na unachokijua kimeze.

"Yakirudi yale," anasema Yarow, "hakuna atakayekimbia kutuonya. Tutakuwa tunaendesha gari tukiwa vipofu."

*

Miezi michache baada ya mkasa huo alikuja mtafiti kutoka Nairobi, kijana mpole wa miwani, akiuliza maswali kituo hadi kituo. Aliwauliza polisi, na aliwauliza wafugaji pia, jambo ambalo halikuzoeleka. Mwanzoni mwa mwaka huu kazi yake ililetwa na gari la barua. Ni kitabu kinene, cha Kiingereza.

Inspekta wa kituo hakikatai kitabu hicho. "Nilikisoma chote," anasema. "Ni kizuri, na kijana yule aliona mbali. Lakini nilikitazama kitabu, nikawatazama askari wangu, nikajiuliza nitakipitishia mlango gani."

Kikabaki dirishani, kikizuia bawa la dirisha lisipigwe na upepo.

Ni Yarow aliyekitoa pale. Kiingereza chake ni cha amri za gwaride tu, lakini aliwahi kumwona mtafiti yule akikaa chini mchangani na wachunga ng'ombe, akinywa maziwa yenye moshi bila kukunja uso. Akaamini kwamba aliyekaa vile hakuandika upuuzi. Akamtafuta Dheere, ambaye amesoma hadi sekondari, akamwambia amsomee.

"Sentensi za mle," anasema Dheere, "ukifika mwisho umesahau ulipoanzia. Nilikuwa nasoma, natafsiri, Koplo ananiuliza, 'Sasa hiyo askari aifanyeje?' Narudi tena juu. Kuna ukurasa tulikaa nao wiki nzima."

Walichokipata humo hakikuwa kingi, lakini kilikuwa kizito. Kati ya kila watu kumi waliolikimbilia gari la polisi kwa miguu, saba walikuwa wamebeba onyo, au mgonjwa, au kiu. Askari wengi walikiri kwamba hawakuelewa walichoambiwa. Na wengi katika hao hawakuuliza mara ya pili.

Mkasa wa Adow ulikuwemo, bila majina. Dheere alipoufikia aliacha kusoma. Yarow hakumhimiza. Alitoka nje, akazunguka tangi la maji, akarudi, akasema, "Endelea."

*

Kosa la kwanza, Yarow analitaja mwenyewe kabla hajaulizwa, huku akipanga upya mikanda iliyokuwa tayari imepangwa.

Askari hakai na kurasa. Askari anakaa na neno fupi. Kwa hiyo koplo aliyachemsha yale ya kitabu mpaka yakabaki kijiko kimoja, akawafundisha kwenye gwaride, nao wakaliimba wakipiga mguu: "Akukimbiliaye ana neno, akukimbiaye ana siri!"

Lilipendwa. Lilifika hata kwa watoto wa laini. Na wiki haikwisha kabla doria haijarudi na wanawake wa kuni, kamba zao za ukambaa bado ziko vichwani, wamekamatwa kwa sababu walipoona lori walikimbia.

Miongoni mwao alikuwa Saynab, muuza maziwa ambaye mji mzima unamwogopa kwa ulimi wake. Alisimama mbele ya Inspekta akiwa na mwiba mguuni.

"Tunakimbia kwa sababu mnatukimbiza," alisema. "Mnatukimbiza kwa sababu tunakimbia. Haya, wenye serikali, nani aanze kusimama?"

Kisha akamgeukia Yarow. "Na wewe, sikio la serikali, wimbo huu umeutunga wewe? Rudi kwenye ngamia. Ngamia walikuwa wanakuvumilia."

Wanawake waliachiliwa jioni ile. Dheere alimfuata koplo wake kando ya tangi. "Ile nusu ya pili," aliuliza, "ya mwenye kukimbia na siri yake. Iko ukurasa gani? Mimi sikuisoma."

"Haipo," Yarow alijibu. "Niliitia mimi. Ilikuwa inakaa vizuri mdomoni."

Hiyo ndiyo siku aliyoapa kuachana na misemo. Mtafiti hakusema lolote juu ya wanaokimbia. Utamu wa maneno ndio uliosema. "Ukikifupisha kitu, unakata," anasema. "Mimi sikukata tu. Nilishona na kiraka changu, halafu nikasema ni nguo ya mtafiti."

Akaanza upya, kwa kikoi na shuka, akikimbia mwenyewe nyuma ya lori. Askari wasikariri kitu. Wasikie.

Tatizo likawa sauti yake. Kiswahili cha Yarow kimenyooka kwa miaka ya kazi. Akijaribu kuharibu ulimi, askari wanacheka. Tena wanamjua, hakuna anayemwogopa Koplo Yarow, hata akiwa na shuka, na somo hili halina maana bila hofu kidogo. Alihitaji mtu wa nyikani, mwenye ulimi wa nyikani, na mmoja tu ndiye aliyekuwa na haki ya kulifundisha.

Inspekta naye alikuwa ameweka mpaka. "Nimemvumilia," anasema, na si kwa ubaya. "Juu yangu pia kuna wakubwa. Doria ya Alhamisi ikienda na kurudi nikaona faida, ataendelea. Isipokuwa hivyo, amri ni ile ya zamani: lori halisimami kwa mtu yeyote."

*

Hinda ndiye aliyekuwa mjumbe. Kila asubuhi alijifunga kamba ya kibuyu cha maziwa, akapita sokoni hadi ng'ambo ya mji alikofikia kaka yake.

Jibu la kwanza alilileta akiwa amekaza midomo. "Anasema, mwambie shemeji yangu kwamba mkono wangu wa kulia unamsalimu sana."

Yarow alizunguka tangi mara kadhaa siku hiyo.

La pili halikuwa jibu. Adow alikunywa maziwa, akafuta ndevu, akauliza habari za watoto, basi.

Jumanne, siku ya mazoezi yale ya asubuhi, Hinda alirudi na swali. "Anauliza, yule kijana mrefu bado yupo?"

"Yupo," alisema Yarow.

"Atakuwa hapo kesho?"

"Atakuwepo."

"Basi anakuja. Amesema isieleweke vibaya. Haji kwa ajili ya lori lenu. Anataka kumwona yule mtu akiwa chini."

Usiku huo, anasema Hinda, nyumba nzima haikulala, kwa kuwa mtu mmoja alikuwa akigeuka.

*

Jumatano, baada ya sala ya alasiri, Adow anafika. Ni mtu mkavu, ndevu zimetiwa hina, bakora ameishika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ameuficha ndani ya shuka. Anafika langoni na kusimama. Mle ndani ndimo alimofungiwa.

"Karibu, seeddi," anasema Yarow. Ndivyo Wasomali wanavyoitana mashemeji.

"Hapa panatosha," Adow anamjibu kwa Kisomali.

Hakuna anayebishana naye. Kigoda kinaletwa nje, na somo zima linahamia nje ya lango, juani, askari wakichuchumaa mchangani kama watu waliokuja kusikiliza kesi.

Dheere anasimama mbele. Baadaye atasema alikuwa na maneno ya msamaha aliyoyapanga kwa siku nyingi, na kwamba yote yalimkimbia.

Adow anamwangalia kuanzia viatu, anapanda polepole hadi kofia.

"Wewe ndiyo mrefu."

"Ni mimi, mzee."

"Mimi nadhani lori nafanya wewe mrefu. Kumbe hata chini, mrefu tu."

Mtu anacheka, anajikohoza. Dheere anafungua mdomo, na kinachotoka ni hiki: "Mzee, nilisikia vita."

"Mimi nasema bita."

"Ndiyo. Bita. Hata nyanya yangu anasema bita."

"Nyanya yako nasema gari isibite?"

"Hapana, mzee. Nyanya anasema bita ya bunduki."

"Mimi nasema bita ya miguu!" Adow anapiga bakora chini. "Bita ya gari! Habana bita, mbele iko baruti! Bunduki nani anasema?"

Wanatazamana, mrefu na mkavu, neno moja likiwa limesimama katikati yao kama mbuzi aliyezuia mlango. Yarow ameinua mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hatembei.

"Ngojeni," anasema. "Ngojeni kidogo. Seeddi, tafadhali. Ile ya bunduki, ya kupigana, kwa Kiswahili inaitwaje?"

Adow anamwona kama aliyerukwa na akili. "Fita."

"Tena?"

"Fita! Fita, fita! Wewe kiziwi?"

"Na ile ya kwenda?"

"Bita."

Askari waliochuchumaa wanasimama mmoja mmoja. Ulimi wa Kisomali hauna pe, lakini ve nayo hauna. Kwao ve huwa fe. Mtu wa nyika hii hawezi kusema bita akiwa na maana ya vita, hata apewe zawadi. Bita yake ni pita, daima. Ila sikio lililolelewa Murang'a lilikuwa na bita yake tayari, inasubiri.

"Miaka yote," Yarow anasema, akijipiga paji la uso, "nazisikia zote mbili, huku moja, huku moja. Sikuwahi kuziweka kwenye mkeka mmoja."

Dheere amejiinamia. "Kumbe ningemwuliza tu," anasema, kama anayejisemea. "Bita gani? Ningesema hivyo tu. Bita gani?"

Upepo unaivuta shuka ya Adow, na mkono uliokauka unaonekana, kisha anaufunika.

"Ungeuliza," anasema, "mimi najibu."

*

Mpaka jua linapopoa wanafanya mazoezi. Askari wanageuza migongo, lori linawashwa lingurume, na Adow anaita kutoka mbali, akiwa amekaa kwenye kigoda chake. Kukimbia amekataa katakata. "Nimekimbilia bolisi siku moja. Imetosha."

Anaita habana bita. Anaita iko baruti, iko mgonjwa, leta maji. Mara moja anawatukana kwa Kisomali na wao wanajibu, "Mgonjwa!" na Yarow anageuka pembeni mabega yakitikisika. Polepole masikio yanazibuka. Kila wanapokwama, yupo anayegeuka na kuuliza, "Bita gani, mzee?" na jibu linakuja.

Si wote walioridhika. Konstebo mmoja, mtu mzima mwenye kovu shavuni, ananyoosha mkono. "Koplo, kitabu kilisema saba. Je, wale watatu?"

Ndilo swali linalopoza chai za Yarow.

"Sijui," anasema. "Na kitabu hakijui. Nimekigeuza huku na huku. Lori lisimame mbali. Ninyi kaeni nyuma ya chuma, na msione haya kuogopa. Lakini mmoja aulize kabla ya kidole. Nikipata njia bora zaidi nitawaambia. Leo sina."

Konstebo yule anatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Baadaye anaonekana kando ya lori akijisemea mdomoni: fita, bita, fita, bita.

Hinda ameleta chai langoni. Adow anaipokea kwa mkono wa kushoto, anaionja, anakunja uso. "Sukari ya serikali imekwisha?"

"Sukari iko nyumbani kwangu," anajibu dada yake. "Ni hatua chache tu. Ukitaka, ingia."

Anainywa hivyo hivyo, bila sukari, mpaka chini. Lakini haondoki. Anatafuta pa kulala kwa jamaa wa karibu, na kuuliza lori linatoka saa ngapi.

*

Alhamisi asubuhi askari wanapakia maji na mablanketi. Leo bunduki zina risasi. Yarow haendi na doria hii. Inspekta anataka kuona kama somo linaweza kutembea bila mwalimu. Anakagua tairi, anakagua kamba, anarudi kwenye tairi. Kikombe chake cha kwanza kimeshapoa juu ya boneti, na dereva anamrudishia.

Akiulizwa anataka nini baada ya hapa, anajibu akiwa anatembea. Anataka somo hili lifike vituo vingine, Wajir mpaka Mandera, na kila kituo kiwe na mfugaji wake wa kuita. Anataka sauti ya mwanamke, maana mwanamke akiita kwa hofu maneno yanapanda na kukatika kwa namna nyingine. Alimwomba Saynab. Saynab amesema atakuja siku atakayosikia kwamba lori la polisi limesimama, wala si kabla.

Na mtafiti yule wa miwani, anataka arudi. "Nimwambie fita na bita, ayaandike. Halafu nimwombe jambo moja. Akimaliza kuandika, asiende. Akae siku tatu hapa, avae kikoi, akimbie nyuma ya lori. Aone kitabu chake kina mbio gani."

Akiulizwa kuhusu Ijara, anaitazama barabara tu, kisha anatazama kwingine.

Lori linanguruma, linatoka. Langoni, kwenye kigoda kile kile, amekaa Adow. Limempita kwa urefu wake pale anaponyanyua bakora.

"Habana bita!"

Breki zinalia. Mablanketi yanaporomoka. Vumbi linalifikia lori kwa nyuma na kulifunika, na ndani ya vumbi hilo buti zinasikika zikigusa chini. Yarow, aliyekuwa akienda kwenye tangi, ameganda na mguu mmoja mbele.

Vumbi linapotulia, askari wamejibana nyuma ya chuma. Dheere amesimama barabarani peke yake. Bunduki iko begani, mtutu wake unaelekea chini.

"Bita gani, mzee?"

Adow hana haraka. Anawaangalia mmoja mmoja, na wa mwisho ni Dheere, ambaye leo tena yuko chini.

"Hakuna kitu," anasema. "Mimi nataka kuona tu."

Konstebo mwenye kovu analaani kwa lugha ya kwao. Dereva anajifuta uso. Kutoka mlangoni pa nyumba yake Hinda anaita kwa Kisomali kwamba sukari bado iko mahali pake, na mzee anaanza kujiinua kwa bakora, taratibu, uso ukielekea ndani ya lango.

Anageuka mara moja tu, kumpungia dereva kwa mkono wa kushoto.

"Sasa bita."